Adhana ya Saa Tano

Adila, Bi Sikuzani jirani yangu amefariki. Ukuta umemwangukia.

Mimi ndiye niliyemwambia akae ndani.

Saa tano asubuhi kimbunga kilianza kung'oa makuti. Mzee Bilali akaadhini. Unajua upepo ukizidi huwa wanaadhini kumwomba Mungu autulize. Bibi wa watu, kwa giza lile la mawingu, akadhani ni adhuhuri. Akatoka na kanga yake kwenda kuswali msikitini. Nikamkimbilia.

"Bibi, hiyo si ya sala, ni ya upepo. Ujumbe wa hali ya hewa umesema tukae ndani."

Akacheka. "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Akarudi.

Ndani, Adila! Nyumba ya udongo, mvua siku ya tatu! Ndani ya wapi?

Msikiti ndio jengo pekee la matofali hapa kwetu. Haujapoteza hata bati moja.

Mwanawe, Mwinyijuma, amenishika mkono mbele ya watu. "Ahsante dada. Nasikia wewe ndiye uliyesema naye mwisho. Alisemaje?"

Nikamwambia alikuwa anataka kwenda kuswali.

Nikaishia hapo.