Uji wa Bibi Sasa ni wa Wote

Dada yangu Elinipa,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama: namwonea wivu Naserian. Sijawahi kumwona. Namjua kwa sauti tu, kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa biogesi, tangu ulipohamishiwa timu yao ya Ngaramtoni ukatuacha sisi wa huku mlimani Meru.

Unakumbuka tulivyojenga mtambo wa hapa nyumbani? Nilikuwa bado shuleni. Nikirudi navua sare, nakushikia bomba. Hatukujua samadi ichanganywe na maji mpaka iwe nzito kiasi gani. Siku moja bibi akaonja uji wa mama, akauliza, "Huu ni wa kunywa au wa kupigia plasta?" Ulicheka hadi ukakaa chini. Tangu hapo samadi ikiwa nzito ulisema "plasta", ikiwa sawa ulisema "uji wa bibi". Lilikuwa neno letu sisi wawili.

Juzi nikamsikia Naserian akiwaelekeza wenzake: "Jamani, korogeni iwe uji wa bibi, siyo plasta!" Wote wanacheka. Bibi yupi? Bibi yetu! Nilizima simu, nikaenda kukata majani ya ng'ombe nimenuna. Kilichoniuma zaidi ni kwamba neno hilo linawafaa. Mitambo yao haizibi, na sasa hata timu za mjini zinalitumia.

Halafu wiki hii akaandika kwamba kwa mama yake moto unarukaruka, kisha unazimika. Wamekagua koki zote, hakuna panapovuja, na mama amesema amechoka, anarudia kuni na shimo la mtambo atalifukia. Nilijua tatizo. Kwetu lilitokea wakati wa baridi, ukanionyesha bomba la gesi lililolegea katikati, maji ya mvuke yametuama ndani yanaizuia gesi. Nikasubiri uniulize. Ukaandika: "Wa Meru mlishaliona hili. Wajibuni." Jina langu hukulitaja.

Dada, nilitaka kunyamaza. Nilitaka angalau jambo moja libaki letu. Lakini nikamfikiria yule mama akipuliza kuni mbichi huku machozi yanamtoka, kama mama yetu zamani. Nikamwandikia Naserian pembeni: afunge koki ya mtamboni, afungue maungio, amwage maji, kisha alivute bomba juu na kulifunga lisilegee tena.

Jioni akanitumia sauti. "Moto umesimama! Kumbe mdogo wake Eli ndiye wewe? Dada yako anatuchosha bwana, kila siku mdogo wangu hivi, mdogo wangu vile. Mpaka nilikuwa nakuonea wivu!"

Nilirudia kuisikiliza nikiwa zizini, peke yangu. Kisha nikayaweka yale maelezo kwenye kundi, timu zote ziyaone.

Wivu haujaisha, dada. Ukija Krismasi, kaa na mimi kwanza kabla hujaanza kuwapigia simu watu wako. Na haya niliyokuandikia, tafadhali, Naserian asiyajue. Yeye ameweza kusema ya kwake huku anacheka. Mimi bado naona aibu.

Mdogo wako