Viza ya Fundi Plasta

Pukë, 6 Februari

Mjomba Preng,

Shikamoo. Sisi wazima, hata punda. Jua kwamba tangu Albania iumbwe haijatoa fundi plasta kama mimi. Jana kwenye ubalozi wa Ujerumani, Tirana, mama wa dirishani aliniuliza maswali saba, nikamjibu tisa. "Kazi yenyewe unaijua kweli?" Nikamwambia ukuta nikiupaka mimi, nzi akitua anateleza. Hakucheka, ila nilimwona anajizuia. Pasi ya kusafiria wamebaki nayo. Mama yangu anauliza goti lako linaendeleaje. Mwambie bosi wako afagie jukwaa la ujenzi, nakuja.

Mpwa wako, Ndue

Ulm, 17 Februari

Ndue,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha kila ngazi. Kazi inaanza mosi Aprili. Bosi hakujui wewe, ananijua mimi. Nimempa neno langu, na miaka ishirini na mbili hapa Ujerumani sijalivunja hata siku moja. Viza ikitoka, panda basi siku hiyohiyo. Usianze kuzunguka mjini na mdomo wako. Nakujua.

Mjomba wako

Pukë, 22 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole na baridi. Hapa theluji imeyeyuka, matope hadi magotini. Ubalozi bado. Wale watu wazito, wanaandika herufi moja kwa wiki. Labda wanatafuta kalamu inayonifaa. Usiwapigie simu, wataudhika.

Mpwa wako, Ndue

Ulm, 4 Aprili

Ndue,

Nyumbani hawajambo? Mimi nimechoka. Bosi ameuliza, "Mpwa wako yuko wapi?" Nikamwambia kijana hana kosa, ubalozi ndio wabaya. Atakungoja mpaka mosi Mei, baada ya hapo anachukua mtu mwingine. Ndoo zako za plasta nabeba mimi. Jana goti lilikataa nikiwa ghorofa ya tatu, Mturuki mmoja akanishusha mgongoni kama gunia. Alicheka, nami nikacheka. Niandikie upesi.

Mjomba wako

Pukë, 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, na barua tatu nimezichana. Usiningoje. Mwambie bosi achukue mtu mwingine, na usibebe tena ndoo zangu.

Ubalozi hawana kosa. Viza ilitoka tarehe kumi Machi. Nilishuka kwenye basi la kutoka Tirana nikaenda moja kwa moja kwa Zef, mwenye mgahawa. Pasi ikapita mkono kwa mkono, wazee wakivaa miwani kuisoma. Unajua desturi yetu, kitu kipya hakipiti bila kuloweshwa raki, pombe yetu kali, iwe gari, iwe bunduki. Zef akasema, "Gusa tone moja tu ukingoni, inatosha." Mzee Kolë akasema, "Mwacheni, huyu hana ubavu." Karatasi ilivimba, wino ukatiririka, uso wangu pichani ukawa kama uji. Ubalozini wamesema nianze upya, na nafasi ya kwanza ni Novemba.

Mama nimemwambia kwamba Zef alinigonga kiwiko, raki ikamwagika. Sasa mama hamsalimii Zef kanisani.

Hakunigonga mtu, mjomba. Nilipanda juu ya kiti ili wote wanione, nikamimina glasi nzima.

Mpwa wako, Ndue