Kioo cha moshi cha ndege ya Papa

Jumatano, Murara, hapa Goma. Jua halijaonekana tangu asubuhi. Mawingu yamelala juu ya mlima, joto limebanwa huku chini pamoja na sisi, na vumbi jeusi la mawe ya volkano limeingia hadi kwenye sukari. Nimeamka na hasira, nimeshinda na hasira, na sasa saa kumi imebaki aibu tupu. Ndiyo maana naandika.

Leo nimeharibu kitu makusudi.

Niseme kwanza ni kitu gani. Papa ana ndege ndogo, ile ya kuongozwa kwa rimoti, mabawa yake yanatoka ncha hii ya meza yetu hadi ncha ile. Aliachiwa na jirani mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi za misaada, ikiwa vipande vipande ndani ya boksi, siku alipoondoka mbio na begi moja mgongoni. Papa alikuwa fundi wa ndege za mizigo miaka thelathini. Mimi nilikuwa uwanja uleule, kwenye dirisha la mizigo, nikiandika kwa kalamu nene majina ya miji juu ya maboksi ya watu: Bunia, Kindu, Kisangani, Kalemie. Miaka tisa nimeandika. Mimi mwenyewe sijawahi kupita Gisenyi, na Gisenyi ni kuvuka mpaka tu kwa miguu.

Uwanja ulipofungwa, wote wawili tukarudi nyumbani siku moja. Zamani ndege zikipita juu ya Murara sahani zilitetemeka kabatini, na Papa bila kuinua macho alitaja aina ya injini. Sasa sahani zimetulia. Ukimya huu unanichosha kuliko zile kelele.

Kaka yangu mkubwa, yaya Sefu, yuko Kampala. Ametutayarishia chumba. Karatasi za kuvuka tunazo. Kila wiki ananiandikia: "Mumefika wapi?" Na kila wiki namjibu maneno mawili: "Papa bado."

Kwa sababu Papa bado! Alisema haendi popote mpaka ndege ikamilike. Hapa hatuwezi kuirusha. Siku hizi ukirusha kitu chenye injini juu ya Goma, watu wenye bunduki watafika kukuuliza kabla hakijatua. Itaruka Kampala, kwenye uwanja wa mpira karibu na kwa Sefu, lakini lazima ifike huko haina kasoro. Haya. Akaunganisha mabawa. Akayapaka rangi nyeupe. Akasema nyeupe inaonyesha uchafu, akayapaka tena. Akachonga rubani wa mti, mwenye kofia. Miezi mitatu hiyo. Na kila nilipodhani tumemaliza, aliinua miwani na kusema, "Inabakia kidogo, Mama." Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na akishaniita hivyo mdomo wangu unajifunga.

Wiki iliyopita hicho kidogo kikawa kioo. Kile kifuniko cha plastiki kinachomfunika rubani kilikuwa kinaonyesha ndani, kama chupa ya maji. Papa hakukipenda. Eti jua la huko juu litamla rubani macho, anahitaji kioo cha moshi, kama vile vya jeep za wakubwa. Nilitaka kupiga kelele. Rubani wa mti, ataliwa macho gani?

Rangi tulipata kwa jirani yetu Mama Kavira, mjane, mtu wa Butembo. Anavaa nyeusi kwa ajili ya mumewe hadi mwaka utimie, na nguo nyeusi ikifuliwa inachuja, kwa hiyo kila baada ya miezi michache anaichovya upya. Alibaki na pakiti moja ya unga mweusi. Akatupa huku anacheka. "Chukueni. Marehemu akiniuliza kilio chake kimeenda wapi, nitamwambia kimepanda ndege."

Asubuhi hii Papa amenifundisha kazi yenyewe, kwa uzito uleule aliokuwa nao uwanjani. Osha plastiki kwa sabuni ya vyombo. Usiiguse tena na vidole, maana mafuta ya mkono yanakataa rangi na alama yako itabaki pale siku zote. Pasha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, tia unga, tia siki kidogo, kisha epua sufuria uiweke chini, mbali na makala. Maji yawe moto kiasi kwamba kidole hakivumilii, lakini yasichemke. "Maji ikichemka, plastiki inakunjana, na haiwezi kurudia." Tulijaribu kwanza kipande kidogo tulichokata ukingoni. Kilitoka rangi ya chai, tukakirudisha, kikatoka rangi ya moshi. Kilikuwa kizuri, lazima nikiri.

Tukafunga kioo chenyewe kwa uzi, tukakitumbukiza. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Papa akachukua fimbo yake. "Ukiona kimefika rangi ya kile kipande, utoe. Sitakawia, Mama."

Nikabaki na sufuria.

Nikaanza kufikiria yatakayofuata. Kioo kikikauka, atataka mstari mwekundu pembeni. Kisha namba za mkiani. Kisha magurudumu hayazunguki sawasawa. Mwaka utapita tuko ndani ya nyumba hii ya mbao, tunafunga mlango kabla giza halijaingia, tunaipamba ndege isiyoruka.

Nikairudisha sufuria kwenye mbabula. Nikaongeza makala. Nikapepea kwa kipande cha boksi.

Haikuchukua muda. Maji yalipoanza kutoa mapovu, kioo kilijikunja kama utando wa maziwa, kikawa cheusi ti na kidogo kuliko ngumi yangu. Sikukitoa. Nilisimama nakitazama, na niseme ukweli kwa kuwa nimezoea kuusema hapa: nilifurahi. Yamekwisha, nikajisemea. Sasa tutaondoka.

Papa aliporudi alikinyanyua kwa uzi, akakizungusha polepole. Kisha akatazama mbabula, makala mapya yanawaka vizuri. Nilikuwa na uongo wangu tayari, kwamba Mama Kavira aliniita nje nikasahau, lakini haukutoka. Fundi wa miaka thelathini utamdanganya nini kuhusu moto?

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa kwenye kiti chake, akaweka lile donge la plastiki juu ya goti, akalipangusa maji kwa kanzu.

"Bon," akasema. "Imeisha. Mwambie Sefu tunakuja siku ya posho. Ndege itabakia kwa Mama Kavira."

Siku ya posho, yaani Jumamosi hii. Siku tatu tu. Nilichokililia miezi mitatu nimepewa, bila ugomvi, bila hata kutakiwa kuomba samahani. Nilipaswa kuruka kwa furaha.

Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema: "Papa, tungetengeneza kingine kwanza. Kuna ile chupa kubwa ya maji. Tunachonga umbo la mti, tunalivisha hiyo chupa, tunaipitisha kwenye moto. Ni wiki mbili tu."

Papa akaweka lile donge mezani. Akasimama, akaingia chumbani, akatoka anaburuta valizi yake. Imefungwa, imezungushiwa kamba, na juu yake vumbi limekaa kiasi kwamba unaweza kuandika jina.

"Hii iko tayari tangu Idi," akasema. "Yako iko wapi, Mama?"

Yangu iko chini ya meza. Imejaa vyombo vya ndege: gundi, misasa, visu, brashi. Ni mimi niliyevitia humo wiki ya kwanza, nikisema ni kwa muda.

Yeye akaendelea, taratibu, bila kunitazama. "Niliona haupangi nguo. Nikasema basi, nimupe mutoto wakati. Kazi ya ndege haikosi."

Mungu wangu.

Kwa hiyo yale mabawa yaliyopakwa mara mbili. Yule rubani. Kioo. Mimi nilikuwa nahesabu siku zake, kumbe naye alikuwa anahesabu zangu.

Nimekaa nalo tangu adhuhuri na bado linaniuma. Nimejiambia ninatunza mzee mkaidi. Nimemlalamikia kwa Sefu, kwa Mama Kavira, hata hapa ninapowaandikia, someni nilichoandika mwezi uliopita mtaona. Na ukweli ni kwamba naogopa. Kampala mimi ni nani? Dirisha langu halipo huko. Huku nimekwama, ndiyo, lakini nimekwama mahali ambapo kila mtu wa mtaa ananisalimia kwa jina. Miaka tisa nimesukuma maboksi ya wengine yaende, na zamu yangu ilipofika nikatafuta gundi.

Papa yuko nje sasa, anaongea na Mama Kavira juu ya ukuta wa mawe. Nawasikia wanacheka. Kwa sauti yake hujui kama leo kuna mtu amemkosea.

Simu imelia hapa mezani. Yaya Sefu. "Mumefika wapi?"

Nikaandika "Papa b" kabla sijafikiri, vidole vimezoea. Nikafuta. Nikaandika: "Papa yuko tayari. Mimi bado."

Nimeituma.

Kisha nimevuta valizi kutoka chini ya meza. Gundi ilimwagika humo siku nyingi, imeganda, kila kitu kimeshikana na kitambaa. Kwa leo nimeng'oa brashi moja.