Behewa Lililosimama Katikati ya Mlima

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la fundi saa,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu sisi wawili. U hali gani, na mgongo wako je? Mama naye anaendeleaje na ile miwani mipya? Kwenye simu alisema anaona vizuri, lakini namjua Mama, hata angekuwa anapapasa ukuta angesema hivyo hivyo. Wewe ndiye utakayeniambia ukweli. Sisi ni wazima. Mafua yangu yamekwisha, na kaka yako amenenepa mpaka vifungo vya shati la kazini vinaomba msaada.

Najua ulitegemea barua yake. Kalamu ameniachia mimi, na sababu utaiona.

Miezi minne ya kwanza, wifi, niliishi na mtu aliyefika mwili tu. Akitoka kufunga lifti kwenye hospitali mpya, anaoga, anakula, anakaa dirishani kuhesabu siku za mkataba. Kwake kila kitu cha huku kilikuwa kibovu: mabasi ya kizee, madaraja ya kizee, lifti za kuchekwa. Siku moja nikamwambia, "Mimi sikupanda ndege mbili kuja kutazama ukuta wa jirani. Kila Jumamosi tunatoka. Hutaki, naenda peke yangu."

Basi tukaanza kutoka. Tumelizunguka ziwa kwa baiskeli za kukodi, nikaanguka mara mbili kwenye tope lile lile. Tumeingia pango ambalo ukinong'ona mlangoni, aliye mwisho kabisa anakusikia. Alichoninong'oneza kaka yako sikiandiki hapa. Tumekwenda maonyesho ya mbuzi, mshindi akavishwa utepe, akautafuna kabla hajapigwa picha. Watu wa huku wanajua kufurahi! Siku ya bendi za tarumbeta hata muuza majeneza alifunga duka akaenda kupiga ngoma. Kaka yako alikuja kote huko, ila mikono mfukoni.

Sasa nikupe habari za Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita. Kuna mji juu ya mlima ambako hufanyika maonyesho ya maua kila mwaka. Unapandishwa kwa behewa moja la reli linalovutwa na kamba nene ya waya. Dereva wake ni mama wa makamo, mfupi, sauti nzito, na abiria wanamwita Komando. Tulikuwa kama ishirini, karibu kila mtu na chungu chake cha maua mapajani. Pembeni yetu alikaa mzee mmoja, mstaafu wa posta, na waridi la mkewe. Mkewe ameteguka mguu, kabaki nyumbani kusubiri simu. Majaji walikuwa wanaanza saa sita kamili.

Katikati ya mlima behewa likasimama ghafla. Vyungu vikagongana, mtu akapiga kelele. Chini yetu mteremko mtupu. Kaka yako akainuka, akaenda mbele na kifua chake cha kifundi.

"Breki imejifunga tu," akasema. "Niachie, naifungua dakika moja."

Komando hakugeuka hata kichwa. "Haijajifunga. Nimeifunga mimi. Ukiigusa hiyo, bwana, mimi na wewe tutafika chini kabla ya kelele zetu."

Nikaona shingo ya kaka yako inavimba. Unamjua. Lakini yule mama akamwita dirishani, akamwonyesha kamba kwa kidole. Nyuzi za waya zilikuwa zimekatika, zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka. Alikuwa amesikia mlio usio wa kawaida, basi akasimamisha. Kaka yako aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akarudi kuketi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nisingeusikia."

Komando akatushusha mmoja mmoja kwenye ngazi za mawe kandoni mwa reli, wazee kwanza, maua yakipokezanwa juu ya vichwa. Tulipanda ngazi mia tatu na kumi na mbili. Kaka yako alimbebea yule mzee waridi lake, akalikumbatia kama mtoto mchanga, miiba ikimchoma shavu. Majaji walitusubiri. Waridi likapata nafasi ya pili, na mzee akapiga simu kwa kelele ambazo nadhani mkewe angezisikia hata bila simu.

Jioni kaka yako akamtafuta Komando, akavua kofia. "Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii," akamwambia. "Nisamehe."

"Usiniombe radhi," akajibiwa. "Njoo utusaidie kufunga kamba mpya."

Tangu hapo kila Jumamosi yuko mlimani, anarudi na grisi mpaka masikioni, na anacheka. Juzi hospitali wamemwomba tena abaki mwaka mwingine, awafundishe mafundi wa hapa. Mara ya kwanza alikataa. Safari hii anatamani kukubali.

Ila alikuahidi kuwa mwezi ujao atakuwa nyumbani kumwangalia Mama, wewe uende chuo cha ukunga. Umeshaahirisha mara mbili kwa ajili yetu. Ndiyo maana ameshindwa kukuandikia.

Nimemwambia hivi, naye amekubali: chuo chako hakisogei tena, hata siku moja. Mama akitaka kuja huku, tuna chumba chenye jua, na mimi nipo nyumbani. Akikataa kuondoka kwake, na ni haki yake, basi kaka yako atabaki na mimi nitarudi. Nimeupenda mji huu kuliko nilivyotarajia, sikufichi. Lakini tiketi nimeshaiulizia. Muulize Mama taratibu, akiwa ameshiba, kisha nijibu.

Msalimie sana Mama, shemeji, wanao wote, na yule jirani mshonaji mwenye maneno mengi. Mungu akulinde wewe unayewalinda wengine, na akufikishe darasani salama.

Wako akupendaye, aliye tayari kwa jibu lolote,

Wifi yako.