Nimewashangilia Wapinzani wa Neema

Dada Eliza, shikamoo,

Nakuandikia kutoka Johannesburg, jua kali na baridi vyote pamoja. Jana Soweto kulikuwa na mashindano ya vikosi vya ngoma, na kikosi cha kanisa la mwanao Neema kilikuwemo. Bora nikiri mwenyewe kabla hajakupigia simu.

Nilimwahidi nitamshangilia. Nikavaa fulana yao ya njano, nikakaa na watu wao. Neema kapiga ngoma kubwa vizuri mno, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kisha wakaingia wapinzani wao. Unanijua, dada, toka utotoni siangalii sare wala fimbo zinazorushwa juu. Kikosi nakipima kwa jinsi kinavyonyamaza. Hao walikata mlio wa ngoma zote kwa pamoja, kama mlango umefungwa! Kushtuka, niko juu ya benchi na fulana yangu ya njano, naruka na kupiga makofi. Mama mmoja Mkongo wa kanisa la kina Neema akanivuta suruali: "Papa, wewe uko wa nani?" Neema alikuwa pembeni ya uwanja, ananitazama.

Wakashinda hao hao. Njiani kurudi nikamwomba Neema msamaha, akageukia dirisha. Gari likasimama kwenye taa nyekundu, mara akaangua kicheko: "Eish, Mjomba! Hata mimi ningepiga makofi, ila nilikuwa nimebeba ngoma."

Na wewe nisamehe, dada. Mungu akuponyeshe huo mguu, watoto wote nawakumbatia.

Mdogo wako,
Elia