Kwa Mama, Kuhusu Mashine ya Pumzi

Nyamugari, Gitega
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa kwenye ngazi za nyuma, nguo za mtoto zikikauka mbele yangu. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Magoti yako je? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au bado unapanda njia ya sokoni kwa kupumzika kila mlango wa jirani? Huku mvua imerudi, na maharage mabichi yameanza kuletwa kutoka Bugendana. Kila nikiyaona vikapuni nakuona wewe.

Najua unangoja jibu. Umenipigia kuniambia Salima amejifungua mtoto wa kiume na anataka mimi nije Muyinga nikae naye mpaka arobaini iishe. Nilisema "inshallah, Mama," halafu nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri, ni mimi niliyekwama. Kwenye karatasi naweza kukwama nikaendelea bila mtu kunisubiri.

Salima naye alinitumia sauti. "Dada, njoo na ile mashine ya kwa patron wako, ile inasikilizaka mtoto. Bila hiyo mi silali. Nakaa tu namwangalia puani." Nilimwelewa. Asubuhi ile tulipomkuta Yusufu wangu hapumui, yeye ndiye aliyempokea kutoka mikononi mwangu. Alikuwa bado msichana wa shule.

Uliwahi kuniuliza kama mashine hiyo ni kweli au ni maneno ya matajiri. Ni kweli. Rayhan, mtoto ninayemlea, alizaliwa kabla ya mwezi wake, na baba yake, mwenye duka la vitambaa, akaiagiza kutoka Dubai. Ni kidude cheupe, kidogo kama kiberiti, kinabanwa kwenye pampasi kikigusa tumbo. Mtoto akivuta pumzi tumbo linapanda, na kitaa cha kijani kinawaka. Kifaa kingine, mfano wa redio ndogo yenye kitaa kama hicho, unakaa nacho jikoni ukipika. Tumbo likitulia zaidi ya kawaida, kidude kinatikisika kumshtua mtoto. Asiposhtuka, redio inalia nyumba nzima.

Jambo hili sikukueleza. Nilipokuja kuomba kazi nilimwambia Mama Rayhan kwamba nilikuwa na mtoto akaondoka usingizini, na kwamba naweza kuogesha, kulisha na kubeba, ila kukaa peke yangu chumba kimoja na mtoto aliyelala siwezi. Nilidhani atanifukuza. Alinionyesha mashine, akasema, "Kusikiliza itafanya hii. We utafanya kazi zingine." Ndivyo nilivyobaki. Rayhan akilala mimi natoka, naenda jikoni kuangalia kitaa.

Mwanzoni ilinitesa. Siku moja nilikuwa namenya ndizi, redio ikalia. Sikumbuki nilivyofika chumbani. Nilimkuta Rayhan ameng'oa kile kidude, anakitafuna huku anacheka. Mama Rayhan alikuja mbio kutoka dukani, hapo mbele ya nyumba, nyuma yake mteja na kitambaa ambacho hakijalipiwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Bibi yake Rayhan, mama wa baba yake, wote tunamwita Dadi, alifika wa mwisho na fimbo yake. Aliangalia mtoto, akaniangalia mimi, akasema, "Mashine hii iko kama mimi na mkwe wangu. Inapiga kelele kwanza, inauliza nyuma." Mama Rayhan akamwambia, "Wewe Dadi hata nyuma huulizi." Tukacheka mpaka mteja naye akacheka.

Siku nyingine Rayhan alikuwa na mafua, hataki kitanda. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, akalala, nami nikaendelea kupiga pasi. Kidude nilikiacha kwenye pampasi na redio mezani. Kitaa kikawa kinawaka vizuri kabisa, hata nikafurahi. Dadi akaja akainama kukitazama, akanitazama ninavyohema na ile pasi ya makaa. "We Zuhura," akasema, "hiyo iko inahesabu wewe." Nikazuia pumzi kidogo kujaribu, kitaa nacho kikababaika. Kumbe mgongoni hakijui nani ni nani. Nilikumbuka uzito wa Yusufu, Mama. Alikuwa akilala mgongoni anaweka ngumi sikioni, kama mtu anayepiga simu, na akipiga chafya lazima zije mbili.

Muuguzi wa kliniki alituambia, mimi na Mama Rayhan, kwamba mashine haimlindi mtoto, inatoa habari tu. Akasema mtoto alazwe chali, asirundikiwe mablanketi, wala moshi wa mkaa usimfikie. Mama Rayhan akamweleza habari yangu, bila mimi kumtuma. Yule muuguzi akaniuliza Yusufu alikuwa na umri gani, alilala vipi, nami nikamjibu yote. Akaniambia, "Mama, wengine wanaondoka hivyo na hakuna aliyekosea." Wewe uliniambia maneno hayohayo nyumbani, lakini wewe ni mama yangu, nilijua utasema hivyo.

Sasa ndiyo nifike kwenye jibu.

Juma lililopita umeme ulikatika tangu asubuhi. Mchana mvua ilishuka kubwa, Rayhan akasinzia, na ile redio ikazima kwa kukosa chaji. Mama Rayhan alikuwa dukani, na Dadi amejilaza chumbani kwake. Nilisimama mlangoni nikiwa sijui nifanye nini. Kumwamsha mtoto asilale nilikuwa nimeshafikiria. Mwisho nikaingia, nikatandika mkeka kando ya kitanda chake, nikakaa.

Bati lilikuwa linapiga kelele, pumzi yake sikuisikia hata kidogo. Nilikuwa naangalia tumbo tu. Nikakukumbuka ulivyokuwa unapeta maharage nje ya mlango, Salima akiwa mchanga amelala ndani. Mimi nilikuwa nachezea makapi miguuni pako. Kila baada ya muda ungo ulinyamaza, shingo yako inageuka kidogo kuelekea mlangoni, halafu ungo unaendelea. Hukuwahi kuingia kuangalia. Nilijiuliza ulikuwa unasikia nini kutoka kule, na kama ulikuwa na hofu kama yangu. Siku moja uniambie.

Halafu, Mama, nililala. Mimi ambaye hata kwa shangazi Mariamu nilihama chumba kwa sababu ya mjukuu wake, nililala kando ya mtoto kama gunia. Nilishtushwa na adhana ya Alasiri. Nilisimama nikiwa nimeshaanza kulia. Rayhan alikuwa macho, ameshika vidole vyake vya miguu, ananitazama.

Dadi alikuwa mlangoni. "Nilikuja, nikaenda, nikakuja tena," akasema. "Nyote wawili mlikuwa mnakoroma. Nikaona niache." Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Nisamehe nini? Watu wakilala, wanalala. Lete chai."

Nililia jikoni maji yakichemka, lakini si kilio kile mnachokijua.

Basi jibu langu ni kwamba nakuja. Mama Rayhan ameniruhusu mpaka arobaini iishe. Dada yake kutoka Buraza atashika nafasi yangu. Mwambie Salima nitakuja na mashine. Rayhan amekua, ameshajifunza kuing'oa, na mama yake ameniambia niichukue. Tutaibana kwenye pampasi ya mtoto siku za mwanzo, Salima apate kulala, na mimi nitalala chumba hichohicho. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Nitaogopa nikiwa hapo, badala ya kuogopa nikiwa Gitega.

Nina ombi moja tu. Tangu Yusufu aondoke, nyote mmerudi kuniita Zuhura. Najua mlifanya kwa huruma, na nilinyamaza kwa sababu hata mimi sikuweza kulisikia lile jina lingine. Sasa nalitamani, mniite tena. Mtoto wa Salima akikua atauliza kwa nini mama yake mkubwa anaitwa hivyo, naye ataambiwa alikuwa na kaka, alikuwa anapiga chafya mbilimbili.

Nisalimie shangazi Mariamu anayeshona, na mumewe mwalimu wa madrasa. Nisalimie mjomba Hamisi mwenye baiskeli, aje anipokee stendi kama mgongo unamruhusu. Mume wangu alipiga simu Ijumaa kutoka Kigoma, kazi anayo, anakusalimu kwa heshima. Mbusu mtoto kwenye nyayo. Dereva wa basi la asubuhi atakukabidhi barua hii, mpe chai.

Mwanao anayekupenda,
Mama Yusufu