Mabuu Yaliyokataa Kukua

Mama,

Nakuandikia wewe uliyelala makaburini Mwanakwerekwe kwa sababu Zuhura, kitinda mimba wako, ameanza kuvimba mguu. Alikuwa akiuficha kwa soksi hadi dukani kwake Mlandege. Nilipouona, nilikuona wewe ukinipeleka skuli, mguu mmoja kandambili yako, mwingine ya Baba, kwa kuwa yako ilikuwa haikuingii tena. Watu walinong'ona kwamba umerogwa. Ulinishika mkono ukaniambia, "Ni mdudu tu huyu, mwanangu. Twende."

Mdudu huyo ndiye aliyenifikisha maabara. Simchunguzi mnyoo wa matende mwenyewe. Namtumia jamaa yake mdogo wa udongoni, asiyemdhuru mtu. Tunamlisha bakteria waliotengenezwa kuzima jeni yake moja tu, kisha tunawatazama watoto wake, yaani mabuu. Jeni nyingi ukizizima, mabuu hukua kama kawaida. Mimi natafuta ile ambayo bila yake hayawezi kuwa minyoo mikubwa, ili siku moja ipatikane dawa ya kuizima kwa mnyoo wa matende pia.

Nilimsihi Zuhura akapimwe, akakataa. Posa yake imeshakubaliwa, Mama. "Nkikutwa na mdudu huyo, wakwe wataivunja," alinambia, "na wewe utabaki na minyoo yako." Tukawa hatusemezani. Kila nikisikia hatua zake ukumbini nasikiliza kama anachechemea.

Asubuhi ya kufungua visahani vya jeni mpya alinifuata maabara bila kunambia kwa nini. Kisahani cha kwanza, ambamo jeni haikuzimwa, minyoo ilikuwa imekua na kutaga mayai. Cha pili, mabuu yalikuwa hai, yakijinyonganyonga, lakini madogo vilevile. Yamekwama. Nikamwachia Zuhura darubini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo dawa?"

Mama, nilitamani kusema ndiyo. Nikamwambia bado, na kwamba huenda ikaja sisi tushazeeka, au isije.

Akainama akavua soksi. "Basi nipeleke nkapimwe."

Amekutwa na mdudu. Muuguzi alimpa dawa zilizopo, akamfundisha kuuosha mguu kila siku kwa sabuni na kuukausha vizuri, asije akafika ulikofika wewe. Jioni ile alimwita mchumba wake barazani akamweleza yote mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nikamsikia kijana akiuliza maji ya kuoshea yawe ya moto au ya baridi.

Wazee wake bado hawajasema neno, na kila mlango ukibishwa nashtuka. Natamani ungekuwepo umtazame kijana huyu, unambie kama nimtegemee. Mola akupanulie kaburi lako, Mama. Mimi nnakwenda kuwasha jiko, Zuhura anataka maji ya vuguvugu.

Mwanao wa kwanza